Kubadilisha mkono: mambo ambayo fimbo ya gofu inaweza kutufundisha

Hotuba ya mwanachama wetu katika mkutano mkuu. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali mawili yaliyofuata na matokeo ya kura.

 

Kamati iliniomba niseme kidogo juu ya kujifunza kazi upya. Wengi wenu mnajua kama ukimbizini, kule Kampala, nilikuwa nabeba fimbo za watu kwenye uwanja wa gofu. Mtu wa kazi hiyo anaitwa kedi. Kedi hachezi, lakini anaona. Anatembea nyuma ya mchezaji saa nne, anamwona akipiga vizuri, anamwona akipiga vibaya, na siku ingine anamwona akihangaika kubadilisha namna yake ya kupiga. Hilo la mwisho ndilo nataka kuwaeleza leo.

Najua kuna mtu anajiuliza: gofu na sisi tuliorudi, wapi na wapi? Nitajibu mapema. Mchana wa leo tutapiga kura juu ya sharti la mkopo wa vyombo vya kazi. Karatasi iliyo mbele yenu inasema hivi: anayepokea chombo aanze kulipa mwezi unaofuata. Mimi nitawaomba tulibadilishe sharti hilo kwa watu fulani, na sababu yangu niliiona kwenye majani ya gofu kabla ya kuiona hapa kwetu. Mnivumilie kidogo.

MCHEZO WENYEWE

Gofu ni rahisi kuieleza. Kuna mpira mdogo, mdogo kuliko yai la kuku, umewekwa chini. Kuna shimo mbali, pengine mita 400. Mchezaji anaupiga mpira kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha anaenda shimo lingine, mpaka yaishe yote 18. Aliyepiga mara chache kuliko wengine ndiye aliyeshinda. Anaruhusiwa fimbo 14, na mfuko wote huo uko begani mwa kedi. Ni hayo tu.

Ugumu uko katika kuzungusha fimbo. Fimbo inapanda mpaka nyuma ya bega, inashuka, inapiga, inapita mbele. Kwa mchezaji mzuri mambo yote hayo ni kama sekunde moja. Kule kushuka peke yake ni kama robo ya sekunde. Na fimbo inapogusana na mpira, muda wa kugusana haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sasa niambieni, katika muda huo mtu atafikiri nini? Hawezi. Mkono unafanya kile ulichozoea, basi. Akili inafika nyuma, inakuta mpira umeshaondoka.

Ndiyo maana ukimwambia mchezaji kosa lake, haimsaidii sana. Wengi wanaoanza wana kosa moja: mpira unatoka vizuri, kisha unapinda kwenda kuume mpaka kwenye miti. Mara nyingi sababu iko kwenye mikono, namna walivyoishika fimbo. Mwalimu anageuza mikono yao kidogo tu, upana wa kidole. Na mtu anasema nini? Anasema, "Hapana, hii si sawa, naona kama nimeshika jembe la mtu mwingine." Iko sawa, lakini mwili wake unakataa.

Tujaribu wote, hata wazee. Fungeni mikono kifuani, kama mtu anayengoja zamu kwenye ofisi. Ndiyo, hivyo. Angalieni mkono gani uko juu. Sasa fungueni, mfunge tena, lakini ule uliokuwa chini uwe juu.

Mnacheka. Mnaona? Hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekosa nguvu, mikono ni ile ile ya tangu kuzaliwa. Lakini kwa kubadilisha kitu kidogo namna hii, mwalimu wa chuo na mkulima wote wamekuwa watoto. Wengine hapa bado wanatafuta mkono upite wapi.

WAWILI WALIOKUBALI KURUDI NYUMA

Nitawapa mifano miwili ya watu wanaojulikana.

Wa kwanza ni Mwingereza, Nick Faldo. Mwaka 1983 alishinda mashindano 5 ya Ulaya na akawa wa kwanza kwenye orodha ya wachezaji wa huko. Mtu kama huyo, wewe ungemwambia abadilishe nini? Lakini yeye mwenyewe aliona kama mzungusho wake haukuwa na msingi. Siku ya mwisho ya mashindano makubwa, woga ukiingia, ulikuwa unamponyoka. Mwaka 1985 akamwendea mwalimu anayeitwa David Leadbetter, aliyekulia Zimbabwe, akamwambia wauvunje na kuujenga upya.

Waliuvunja kweli. Kisha ikaja miaka miwili mibaya. Alipiga mipira mingi sana ya mazoezi, siku kwa siku, na kwenye mashindano hakushinda. Watu wakasema amejiharibu bure. Tangu ushindi wake wa mwaka 1984 mpaka mwezi wa 5 wa mwaka 1987 hakushika kikombe hata kimoja kwenye mashindano makubwa ya Ulaya wala ya Marekani. Miezi miwili baadaye, mwezi wa 7 mwaka 1987, akashinda mashindano ya wazi ya Uingereza kule Muirfield, Scotland. Siku ya mwisho, katika mashimo yote 18, alipiga idadi ile ile iliyokadiriwa kwa kila shimo, si moja zaidi, si moja pungufu. Alishinda kwa pigo moja tu. Baada ya hapo alishinda mengine makubwa ya aina hiyo mara 5.

Wa pili wengi mmelisikia jina lake, Tiger Woods. Mwezi wa 4 mwaka 1997, akiwa na miaka 21, alishinda mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, akiwaacha wengine kwa mapigo 12. Dunia nzima ilikuwa inamsifu. Yeye akatazama picha za mzungusho wake, akamwambia mwalimu wake, Butch Harmon, kama kuna mambo hapa hayatadumu, tubadilishe. Mwaka 1997 alikuwa ameshinda mara 4 kwenye mashindano ya Marekani. Mwaka 1998, mwaka wa mazoezi, alishinda mara moja. Watu wakaanza kuuliza kama nyota imezima. Mwaka 1999 akashinda mara 8. Mwaka 2000 akashinda mara 9, na moja ya hizo, mashindano ya wazi ya Marekani, alishinda kwa mapigo 15.

Sasa mtazame vizuri kitu kimoja katika habari hizi mbili. Kama mwaka 1986 mtu angekuja na daftari lake kumpima Faldo, angeandika: huyu anashuka, mkopo wake usimame. Kama mwaka 1998 angekuja kumpima Woods, angeandika vile vile. Na wote wawili walikuwa kwenye njia nzuri. Anayebadilisha mkono, kwanza anaharibika. Ile namna ya zamani ameiacha, namna mpya haijamwingia. Yuko katikati ya mto, na katikati ya mto ndipo maji ni mengi.

MAZOEZI YANAFANYWA NAMNA GANI

Walimu wa gofu wana namna yao, na niliiona mara nyingi mpaka nikaishika. Nitawapa mambo matano.

La kwanza: kitu kimoja tu. Mtu mwenye makosa sita, mwalimu mzuri anachagua moja. Pengine wiki tatu ni mikono tu. Miguu anaiona imekaa vibaya, ananyamaza. Ukimpa mtu mambo sita kwa siku moja, atarudi nyumbani na kichwa kizito, na kesho atapiga vile vile alivyopiga jana.

La pili: polepole, na bila mpira. Mpira ni mshawishi. Mtu akiuona mpira tu, anataka uende mbali, na mkono unarudi kwenye njia yake ya zamani. Kwa hiyo mwalimu anautoa mpira. Mchezaji anazungusha fimbo kwa upole sana, anasimama katikati, anaangalia mkono uko wapi, anaendelea. Ukipita hapo utasema huyu anacheza ngoma ya usingizi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Baadaye anaongeza mwendo, kisha mpira kwa mapigo mafupi, na mwisho kabisa mapigo marefu.

La tatu: usiamini unavyojisikia, tafuta macho ya mwingine. Mchezaji anakuambia, "Sasa nimegeuza sana, nimepitisha kipimo." Unamwonyesha picha kwenye simu, anakuta hajageuza hata nusu. Mwili unadanganya. Kile kilichozoeleka unakiona kimenyooka hata kama kimepinda. Ndiyo maana hata mchezaji wa kwanza duniani ana mwalimu. Si kwamba mwalimu anapiga kuliko yeye. Mwalimu anasimama mahali ambapo mchezaji hawezi kusimama, yaani nje ya mwili wake.

La nne: mtu akishashika, achanganye. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, John Shea na Robyn Morgan, waliwafundisha watu mizunguko mitatu ya mkono, ya kuangusha vibao kwa kufuata utaratibu. Kundi moja lilirudia mzunguko wa kwanza mpaka wakachoka nao, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kundi lingine lilichanganya yote tangu mwanzo. Siku ya mazoezi, kundi la kwanza walionekana hodari kuliko wenzao. Baada ya siku 10 walipopimwa tena, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo mazoezi yanayopendeza macho pengine hayabaki, na yale yenye kuhangaika pengine ndiyo yanabaki.

La tano: siku ya mazoezi na siku ya mashindano zisiwe moja. Siku ya mazoezi unafikiri juu ya mkono. Siku ya mashindano unaangalia shimo. Mtu anayesimama mbele ya watu akifikiri kidole cha gumba kiko wapi, huyo ameshakwisha.

LAKINI SI KILA MTU ABADILISHE

Hapa naomba wafadhili wetu wanisikilize vizuri, na kwa heshima.

Kuna Mmarekani mwingine, Jim Furyk. Mzungusho wake ukiuona utacheka. Fimbo inapanda upande mmoja, inajikunja juu kama mtu anayefukuza nzi, inashuka upande mwingine. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo. Alifundishwa na baba yake, na hawakuubadilisha. Mwaka 2003 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani. Mwaka 2016, siku moja, alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 58, na kabla yake hakuna aliyekuwa amefika namba hiyo katika mashindano yale ya juu ya Marekani.

Maana yake, ubaya wa kuangaliwa si ubaya wa kazi. Mzungusho wa Furyk ni wa ajabu, lakini fimbo inapofika kwenye mpira, inafika sawa kila siku. Na kule Kampala niliona kinyume chake: mabwana waliokuwa wanabadilisha kila wiki. Leo wamesikia hiki kwa rafiki, kesho wamesoma kile. Miaka inapita, wako pale pale, na mikono imechoka.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mama anayekausha samaki kwa namna ya mamake kama abadilishe, tuulize kwanza: samaki wanaharibika? Wanunuzi wanalalamika? Kama jibu ni hapana, tumwache na mkono wake. Mabadiliko yana bei. Tuyanunue pale tu panapohitajika.

SASA TUJE KWETU

Sisi tuliorudi, wengi wetu hatukuchagua kubadilisha. Mahali ndipo palipotubadilisha.

Angalieni vijana wetu wamotari. Aliyejifunza kuendesha Uganda, au Tanzania, au Zambia, amejifunza kupita upande wa kushoto. Hapa Kongo tunapita kuume. Mtu atasema, hilo ni jambo la kukumbuka tu. Hapana. Barabara ikiwa na magari mengi, anakumbuka, kwa sababu anafuata wengine. Hatari iko asubuhi mapema, barabara tupu, anatoka kwenye kinjia akiwa na usingizi. Hapo mkono unampeleka kushoto kabla akili haijaamka. Na anapokata barabara, shingo inageuka kwanza kuume kama ilivyozoea, wakati gari la karibu linatoka kushoto. Ni ile robo ya sekunde ya mpiga gofu, lakini hapa kuna abiria nyuma.

Angalieni tena washonaji. Aliyefanya kazi miaka sita kwenye atelieri ya mjini, na mashini ya umeme, mguu wake umejua kukanyaga na kuachia tu. Hapa chama kinampa mashini ya miguu, kwa sababu umeme wetu mnaujua wenyewe. Ni mashini nzuri. Lakini ile pedali inataka kisigino na vidole vipokezane, na mkono uanzishe gurudumu kwa upande unaofaa. Ukikosa, gurudumu linarudi nyuma, uzi unajikunja chini, unakatika. Mama ambaye kule alikuwa fundi, hapa anakata uzi kama mwanafunzi. Mteja anaona. Yeye mwenyewe anaona haya.

Na mnajua kinachofuata. Mwezi unaisha, deni linangoja. Mama anaacha mazoezi, kwa sababu mazoezi hayalipi deni. Anarudi kushona kwa mkono, au anatembeza ndizi. Mashini inafunikwa kitambaa kwenye kona ya nyumba. Tukipita kutembelea, inaonekana nzuri sana, safi, haijaguswa. Mashini safi namna hiyo ni mkopo uliopotea, hata kama mwenyewe anajikaza kulipa kwa feza ya ndizi.

Sitawaficha upande mwingine. Sanduku letu ni dogo. Feza ikichelewa kurudi, kuna mtu mwingine kwenye orodha anayengoja, na yeye pia ana watoto. Kila mwezi tutakaompa mmoja, tunamwomba mwingine asubiri. Kwa hiyo siwaombi huruma. Nawaomba tuhesabu vizuri: tungoje miezi mitatu tupate mtu anayelipa mpaka mwisho, au tumkamate mwezi wa kwanza halafu tubaki na mashini iliyofunikwa?

Nina mashauri matatu.

Moja. Mwanachama anayepokea chombo cha kazi ile ile anayoijua, aanze kulipa mwezi unaofuata, kama karatasi inavyosema. Lakini yule ambaye chombo kinamlazimisha kubadilisha mkono, aanze kulipa mwezi wa nne. Kamati ya kazi itaamua nani yuko upande gani, baada ya kumwona akifanya kazi, si kwa kusikiliza maneno.

Mbili. Katika miezi hiyo mitatu asiachwe peke yake. Apewe mwenzake mmoja anayeijua kazi, apite mara mbili kwa wiki, akae, aangalie kitu kimoja. Mshonaji aanze bila uzi, akishona kwenye karatasi yenye mistari. Matundu ya sindano yatamwonyesha wazi kama amefuata mstari. Hiyo ndiyo fimbo bila mpira. Kisha mabaki ya vitambaa, na mwisho kitambaa cha mteja. Motari naye aanze bila abiria, asubuhi na mapema, akifuata njia zile zile, mpaka shingo igeuke kushoto bila kuambiwa.

Tatu. Vikundi vyetu vya likelemba vipange zamu vizuri. Mtu aliye kwenye mazoezi apewe zamu ya mapema, ili ile feza imfikie wakati mfuko wake uko chini. Aliye na kazi iliyosimama anaweza kungoja zamu ya nyuma. Mchango wa kila mmoja unabaki ule ule. Hakuna anayetoa zaidi, ni mpangilio tu.

Namaliza. Wengi wetu tumebadilisha nchi mara mbili, kwenda na kurudi. Kujifunza si jambo geni kwetu. Tunachokosa ni muda wa kuwa wabaya kwa kiasi, bila kufukuzwa. Faldo alijipa miaka miwili. Mimi nawaombea wamama zetu na vijana wetu miezi mitatu.



MASWALI

Mama mmoja wa kikundi cha washonaji: Muze, nimesikia yote, na miezi mitatu ni mizuri. Lakini deni ni moja, na tumbo ni lingine. Ile miezi nikishona kwenye karatasi, watoto watakula karatasi?

Jibu: Mama, hilo ndilo swali la kweli. Faldo na Woods hawakuacha kucheza mashindano walipokuwa wanabadilisha. Waliendelea, hata kama hawakuwa wanashinda kama zamani. Na wewe usiache kazi ya kuleta chakula. Kama ni ndizi, ziwe ndizi asubuhi. Mazoezi ya mashini yawe nusu saa, kila siku, saa ile ile. Nusu saa kila siku inazidi siku nzima ya posho, kwa sababu mguu unajifunza kwa kurudiarudia, na unahitaji usingizi katikati. Lakini jambo moja nakuomba: usichanganye. Usichukue nguo ya mteja yenye haraka kwenye mashini kabla mwenzako hajasema sasa uko tayari. Nguo ya haraka ni ule mpira mshawishi. Na ndiyo sababu nimesema juu ya likelemba. Zamu yako ikija mwezi wa pili, itashika nyumba wakati mguu unajifunza.

Mfadhili mmoja: Sisi tunatoa ripoti kwa watu waliochanga. Kama miezi mitatu ya kwanza haitaonyesha mapato, tutawaandikia nini? Tutajua namna gani kama mtu anajifunza, na si kwamba amelala?

Jibu: Mwalimu wa gofu, katika miezi ya mabadiliko, haangalii mpira umeanguka wapi. Anaangalia mkono ulikuwa wapi. Na sisi tuhesabu kitu kingine katika miezi hiyo: siku ngapi amefanya mazoezi, mwenzake amepita mara ngapi, karatasi ya wiki ya kwanza na ya wiki ya sita zikiwekwa pamoja zinaonyesha nini. Karatasi hizo mnaweza kuzishika mkononi na kuzipiga picha. Mtu aliyelala hana karatasi. Mapato tuanze kuyahesabu mwezi wa nne, na hapo msituonee huruma, hesabuni kwa ukali. Na kama mwezi wa sita bado hakuna kitu, tukae tuulize kama kweli alihitaji kubadilisha, au tulimpa chombo kisichokuwa chake.

MATOKEO YA KURA

Baada ya maswali wanachama walipiga kura. Shauri la kwanza na la pili yamepita na yataanza na mikopo ya awamu ijayo. Waliokwisha pokea vyombo wataendelea na masharti waliyotia saini, ila wanaweza kuomba mwenza wa kuwaangalia. Shauri la tatu limerudishwa kwenye vikundi, kwa kuwa kila likelemba ina kanuni zake na haiwezi kuamuliwa na mkutano mkuu. Kila kikundi kijadiliane na kumletea sekretere jibu kabla ya mkutano ujao. Wanachama wenye mabaki ya vitambaa au daftari za zamani zenye mistari wanaombwa kuzileta kwenye atelieri ya chama siku yoyote ya kazi.